Kitabu chenye Jalada la Kijani

Kilitufikia bila kurasa nne za mwanzo,
kwa hiyo jina la mwandishi hatulijui.
Nyemo alikinunua mia tano sokoni Majengo,
chini ya rundo la suruali,
akakileta saluni kizuie mlango
upepo wa Julai usiubamize.
Wiki mbili kikala vumbi la Dodoma.
Wiki ya tatu mteja mwenye rasta nusu kichwa
akauliza: hiki kinahusu nini?

Kinahusu kuongea.

Basi kikaanza kuzunguka.

Mzee Masinjisa kakimaliza kwa siku moja.
Alikuwa opereta wa simu, enzi za waya na plagi,
miaka ishirini na sita akiunga
Manyoni na Mpwapwa, koo kwa sikio.
"Huyu bwana anataka watu waingie moja kwa moja kwenye hoja.
Hajawahi kulipia dakika tatu.
Nimewasikia mimi: dakika mbili ni haloo, haloo, hamjambo,
mvua je, mbuzi je, yule mtoto alishapona?
Ya tatu ikikaribia kukatika
ndipo mtu anasema: baba hatunaye.
Ungewaambia waanze na baba?"

Nyemo, sura ya ukimya ilimchosha.
"Kurasa kumi na tisa za kunyamaza!
Si angenyamaza tu."
Tukacheka, hata yule aliyekuwa chini ya drai
ambaye hakusikia kitu.
Ila ile ya kumtazama mtu machoni ameipenda,
"ingawa mimi nawatazama kwenye kioo,
sijui kama inahesabika."

Mwasiti wa Kondoa hajakisoma.
Anasema wazi hajakisoma,
na maoni anayo:
mtu aliyefundishwa kuongea na kitabu
ni mlenda wa pakiti.
Utavutika, sawa. Lakini utajua.

Kanuni ya saba: usimkate mwenzio kauli.
Hiyo tuliijadili wote wanne kwa pamoja.

Mimi ni wa masjala, kule Mtumba.
Nafungua majalada, nayafunga,
naandika *Imeonwa*, naweka tarehe.
Kuna siku neno langu la kwanza kwa sauti
ni "Shusha", saa kumi na moja jioni.
Nilikichukua Ijumaa, nikakisoma kitandani
polepole, kama mtu anayekula zabibu za mkopo.

Sikuwaambia habari ya penseli.

Kuna mtu alikipitia kabla yetu,
mwandiko mwembamba, umelalia kushoto.
Ukurasa wa thelathini na moja, mwandishi anaposema
salamu ni mlango tu, usikae mlangoni,
pembeni pameandikwa:
*Kwetu hapo mlangoni ndipo penye kigoda.*
Ukurasa wa hamsini na nane: *Kweli.*
Hamsini na tisa: *Si kweli.*
Na kwenye zoezi, karibu na mwisho,
*Lini uliongea na mtu mpaka ukasahau saa?*
kuna mistari mitatu iliyofutwa
hadi karatasi ikachubuka.
Niliiinamisha kwenye taa.
Linasomeka *Bahi*. Labda na *treni*.

Nikachonga penseli.
Kazini mtu akiandika ovyo kwenye jalada
mimi ndiye ninayemwandikia barua ya onyo.
Nikaandika chini yake, herufi ndogo:
*Mbukwa.*
Nikabaki nimekishika, kama mpumbavu,
nikingoja mwandiko wa kushoto uniitikie.

Jumatatu nikakirudisha.
"Vipi?" Nyemo, pini mdomoni.
Nikasema: kizuri, ila kirefu.
"Ndicho nilichosema mimi," akadakia Masinjisa.
Hakusema hivyo hata kidogo.
Lakini mteja alishakaa, maji yalishachemka,
mlango umeanza tena kupigapiga,
na Nyemo, bila kutazama chini,
akakisukuma kwa mguu
kikarudi kazini.